Picha Mbichi ya Vilima vya Ngong

Tangu nirudi, kila anayepita mbele ya nyumba yetu huniuliza swali lilelile: imekuwaje mtu mzima mwenye akili zake, aliyetembea na jeshi hadi Abisinia, achukue karibu juma zima kwenda Riruta na kurudi? Kina mama wa hapa Kibra huenda Riruta kununua viazi, wakarudi na kuinjika chungu kabla ya adhana ya adhuhuri. Nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu akapata habari ya mandazi, yule akapata ya mbuzi, kisha wakikutana wanabishana kana kwamba walikuwepo. Basi haya hapa yote. Mambo ya kipande, ile karatasi ya ruhusa ya kutembea, na vibali nimeyaacha, maana hayajawahi kumchekesha mtu.

KAMBI MURU HADI UKINGONI MWA MSITU

Wengine hamjui nilikoupata wazimu huu wa rangi. Wakati wa vita niliwekwa kulinda wafungwa wa Kitaliano, na mmoja wao alikuwa mchoraji. Yeye hakuwa na pa kukimbilia, mimi sikuwa na cha kufanya, basi akanifundisha kuchora kwa rangi za mafuta, tena nje, mbele ya kitu chenyewe. Alisema mlima si kitu. Kitu ni mwanga ulioko juu ya mlima, na mwanga haumngoji mtu, kwa hiyo ufike mapema na uchore upesi. Alinifundisha pia kwamba picha ikielemea upande mmoja, mchoraji ana ruhusa ya kuhamisha mti. Shauri hilo la mwisho ndilo lililonifikisha mbele ya wazee wa watu, lakini tutalifikia. Alipofunguliwa kwenda kwao aliniachia sanduku la rangi na miguu mitatu ya mbao ya kusimamishia picha.

Sasa, mimi nilikuwa nimemtaka Zamzam. Baba yake ni Efendi Mursal wa Kambi Muru, hapa hapa kwetu Kibra, sajini mstaafu, ambaye magoti yake yamestaafu pia. Kutwa huketi juu ya kitanda cha kamba nje ya nyumba yake akikagua wapita njia. Nilipopeleka maneno yangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Ya Ramadhan, kazi ya kupaka milango rangi naijua. Hii yako ya kupaka mawingu siijui. Mtu ataolewaje na kitu ambacho baba yake hakijui?"

Nikasema ni kazi kama kazi nyingine.

"Basi nionyeshe. Nilipokuwa askari kijana tulipiga kambi juu ya mgongo wa Riruta. Alfajiri niliviona vilima vya Ngong vikiwaka. Kutoka hapa sioni kitu ila msitu, na magoti haya hayatanifikisha tena. Niletee asubuhi ile. Ijumaa baada ya sala wanakuja watu wa yule karani wa reli, nao kumposa Zamzam. Ukiwatangulia, na kazi yako ikaonekana ni kazi, tutaongea."

Huyo karani mnamjua, ana viatu vinavyolia hata akisimama. Zamzam alinisindikiza hadi kwenye ua. "Nenda upesi," aliniambia, "na usiongee sana na watu njiani. Nakujua."

Niliondoka Jumamosi baada ya alfajiri, sanduku begani, turubai iliyowambwa kwenye fremu mgongoni, na ile miguu mitatu mkononi. Sikuwa nimefika mwisho wa nyumba, ukingoni mwa msitu, nikasikia sauti ya Mama Saida, ambaye ana vyumba vya kupangisha karibu na msikiti.

"Ya Ramadhan. Serikali imekupa kazi lini?"

"Kazi gani, mama?"

"Hiyo miguu mitatu. Mimi naijua. Mzungu akija nayo, anatazama kwa jicho moja, halafu watu wanaambiwa wahame."

Ninyi na mimi tumezaliwa hapa, na tangu tukiwa watoto wachanga tunaambiwa tutahamishwa mwaka ujao. Kwa hiyo sikuweza kumcheka. Lakini nilifanya kosa, nikasimama kumweleza. Kufumba na kufumbua nilikuwa nimezungukwa na mtaa mzima. Ilibidi niisimamishe miguu, niweke turubai ndogo ya akiba, na niwachoree wenyewe waone kwamba sina dhamira mbaya. Walipoona nyumba ya Mama Saida inatokea kwenye kitambaa, hofu iliwatoka, ikaingia tamaa. Kila mmoja akataka nyumba yake iwemo. Mama Saida alisimama nyuma yangu akinielekeza.

"Na jiko langu la nje liweke. Na ule mgomba nyuma ya jiko. Wakija kuuliza nani alikuwa hapa, iwe imeandikwa."

"Mama, hii si hati."

"Wewe weka mgomba."

Niliweka mgomba. Niliweka na choo cha jirani yake, kwa sababu alilia. Jua lilipotua ndipo niliporuhusiwa kwenda, na nikaenda kulala nyumbani kwetu, pale pale nilipoanzia. Mama yangu aliniuliza kama Riruta ni kuzuri.

KAWANGWARE, AU SAFARI YA MANDAZI

Jumapili nilitoka kwa kupitia nyuma ya nyumba kama mwizi, nikashika njia ya kaskazini. Mvua ilinikuta karibu na Kawangware, mvua ile ya kumwaga ndoo, nami nikakimbilia hoteli ya mabati ya mama mmoja aitwaye Mama Wanjiru. Ni mwanamke mnene, mcheshi, wa mkono wazi, na wenyeji wote wa pale wanakunywa chai kwake. Alinipokea kama ndugu, akanipa kona ya kulala na akaniambia mzigo wangu usiotakiwa kulowa niuweke jikoni karibu na moto.

Nikauweka. Katika mzigo huo mlikuwa na mkebe wa samli, na ndani ya mkebe wa samli mlikuwa na mafuta ya kitani, yale ya kuchanganyia rangi na kupakia mbao. Nilitumia mkebe wa samli kwa sababu una kifuniko kizuri. Nawasihi, msicheke kabla ya wakati.

Asubuhi mvua ilikuwa bado inanyesha. Nikaamshwa na harufu ya mlango mpya. Nilidhani nimeota. Nikaenda mbele nikakuta watu wamejaa, kila mtu na chai yake na mandazi, na mandazi yaking'aa kwa namna ambayo mandazi hayajawahi kung'aa.

"Kula, mgeni," Mama Wanjiru akaniambia. "Samli yangu ilikuwa imeisha, nikachukua hiyo yako kidogo. Nitakurudishia. Lakini hiyo ng'ombe yenu huko Kibra inakula nini?"

Wateja walitafuna kwa heshima. Mmoja wao alikuwa seremala, alitafuna polepole, akafumba macho, akasema, "Mimi hii ladha naijua. Sijui wapi, lakini naijua."

Sikuthubutu kumkumbusha. Kufika adhuhuri kulikuwa na msururu nyuma ya hoteli ambao sitaueleza, na seremala alikuwa wa kwanza katika msururu huo. Nilimweleza Mama Wanjiru ukweli nikitazama chini. Nilitegemea kufukuzwa. Badala yake alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga, akasema wale wateja wengi wao wanakula kwake kwa deni toka zamani, na leo matumbo yamelipa.

Mafuta hata hivyo yalikuwa yamekwisha, na bila mafuta rangi zangu zilikuwa ngumu kama udongo wa kufinyanga. Mama Wanjiru akaingia ndani akatoka na kibuyu.

"Hii ni mafuta ya mbarika. Imekamuliwa na mama yangu mwenyewe. Bibi yangu alipakwa hii siku ya kuolewa, akang'aa mpaka alipozeeka."

Yule Mtaliano alinifundisha mengi, lakini hakunifundisha kwamba mafuta ya mbarika hayakauki. Hayakauki leo, hayakauki mwezi ujao. Nilikipokea kile kibuyu kwa mikono miwili nikamshukuru.

MGONGO WA RIRUTA

Mvua iliniachilia Jumanne. Nilipanda hadi Riruta, nikakuta ule mgongo kama Efendi alivyousema: shamba linashuka, bonde linafuata, na upande wa pili vilima vya Ngong, nundu baada ya nundu. Shamba lilikuwa la ndugu wawili. Upande wa kulia ni wa Yohana, mkubwa, Mkristo wa siku nyingi, mtu wa sala ndefu; chakula kwake hukipati kikiwa cha moto. Upande wa kushoto ni wa Kamau, mdogo wake, mtu mkimya. Katikati yao palisimama mti wa muhuti, umechanua maua mekundu matupu.

Nilimwomba Yohana ruhusa. Alizunguka ile miguu mitatu, akaigusa.

"Chora," akasema. "Lakini shamba yangu ionekane vizuri."

Wakanilisha irio ya mahindi na viazi iliyopondwa vizuri, nikalala ghalani. Jumatano nilikuwa pale kabla hakujapambazuka. Na hapa ndugu zangu naomba mniache nijisifu kidogo, kwa sababu baadaye sitapata nafasi. Vilima vilianza kama kivuli tu. Kisha jua likaigonga nundu ya kwanza, ikageuka rangi ya nyama ya papai, halafu ya pili, na bonde chini bado limelala ndani ya buluu. Nilichora kama mtu anayefukuzwa. Mkono haukukosea hata mara moja. Sijawahi kuchora hivyo, na nilikuwa nikitabasamu peke yangu kama mjinga.

Tatizo lilikuwa moja. Ule muhuti ulisimama sawasawa mbele ya nundu ya tatu, ile iliyokuwa ikiwaka kuliko zote. Nikakumbuka ruhusa ya mwalimu wangu. Nikauhamisha mti kushoto, upana wa vidole vitatu hivi. Picha ikatulia papo hapo.

Yohana alikuja akatazama, akaguna kwa kupendezwa. Kamau akaja nyuma yake. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Mti yangu iko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Hapana. Hapo ni katikati ya maharagwe yangu."

Ndipo nilipoelewa. Ule muhuti aliupanda baba yao uwe mpaka. Vidole vyangu vitatu vilikuwa vimempa Yohana kipande cha shamba kizuri, chenye maharagwe tayari kuchumwa. Nikaanza kueleza habari za uzito wa picha, lakini Yohana alikwisha kunyoosha mkono.

"Huyu ni mtu wa kupima," akasema. "Ametoka Nairobi na miguu tatu. Kama ameona mti iko hapo, iko hapo."

"Mimi si mtu wa kupima."

"Nyamaza, umechoka," Yohana akaniambia kwa upole.

WAZEE WA KIAMA

Wakaitwa wazee wa kiama, wale wanaoamua kesi za mipaka. Walifika alasiri, ila mmoja, na bila huyo kesi haiwezi kusikilizwa. Huyo alifika Alhamisi. Kesi haisikilizwi pia bila mbuzi. Na kwa kuwa mimi ni Mwislamu, na wale ni watu wa adabu, walisema mgeni achinje mwenyewe ili aweze kula. Kwa hiyo nilikuwa chanzo cha kesi, shahidi wa kesi, na mchinjaji wa mbuzi wa kesi.

Usiku ule wa Jumatano sikulala vizuri, kwa sababu Yohana alikuwa amenifuata ghalani jioni. Alisema maneno machache. "Kesho sema tu hivi ndivyo uliona. Picha yako utaondoka nayo ilivyo, na mtu atakubebea mzigo mpaka kwenu." Kamau hakuja kuniambia lolote. Alikwenda akakaa chini ya ule muhuti, mgongo kwenye shina, na alfajiri nilipotoka nilimkuta bado amekaa pale, kana kwamba mti utahama kweli asipoushikilia. Nilimwonea huruma mno, na nilijikasirikia.

Alhamisi hiyo ukungu ulikuwa umefunika vilima vyote. Mwanga niliouchora haukuwepo, na kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Picha ikawekwa juu ya kiti, wazee wakakizunguka. Walibishana asubuhi nzima. Huyu alipima kwa vidole, yule akapima kwa fimbo, mwingine akataka kujua kama maharagwe yamehesabiwa. Na mti wenyewe, ndugu zangu, ulikuwa umesimama nyuma yao, mwekundu, Kamau chini yake, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kuutazama. Nikashindwa kuvumilia.

"Wazee, mti si ule pale? Si mwende mkautazame?"

Mzee aliyechelewa alinijibu kwa subira. "Kijana, mti inaweza kukatwa usiku mmoja. Karatasi ikishafika Nairobi haikatwi. Sisi tumeona. Kwa hiyo tunataka kujua karatasi inasema nini."

Kisha akaniuliza, "Wewe mwenyewe. Uliona mti wapi?"

Nilimfikiria Zamzam, na nasema wazi, nilitaka kusema uongo. Picha ilikuwa nzuri, na Ijumaa ilikuwa mlangoni. Hakuna aliyekuwa akinilazimisha. Kamau hakuwa hata akinitazama; alitazama maharagwe yake.

"Niliuona pale alipokaa Kamau," nikasema. "Nimeuhamisha mimi."

"Kwa nini mtu ahamishe mti ya mtu?"

"Ili picha ipendeze."

Mzee mmoja akaomba nirudie, akidhani masikio yake yamemdanganya. Niliporudia, wakatazamana, na yule aliyechelewa akasema taratibu kwamba amesikia sababu nyingi za kuhamisha mpaka maishani mwake, lakini hii ni mpya.

Nilichukua kisu cha rangi nikakwangua ule mti mbele yao. Rangi ilitoka laini kabisa, maana haikuwa imekauka hata chembe. Nikauchora upya pale ulipo, mbele ya nundu ya tatu. Nilipouchora, nyekundu yake ikaburuza ile rangi ya papai, nikajaribu kuokoa kwa kijivu cha ukungu, nikaharibu zaidi. Kamau alikuja akasimama nyuma yangu. Alitazama hadi mwisho, akanipa mkono. Yohana, namshukuru, hakuninyima chakula. Aliomba tu sala ndefu zaidi.

KURUDI NA PICHA MBICHI

Niliondoka Ijumaa alfajiri, na kubeba picha mbichi ni kazi ya kichaa. Ukiielekeza juu, vumbi na nzi; ukiielekeza chini, nyasi; ukiielekeza kwako, shati. Niliinyoosha mbele yangu kwa mikono miwili, nikitembea kama mtu anayepeleka sinia la harusi, na kila niliyekutana naye alitaka kuigusa ajue kama kweli ni mbichi. Nyuki mmoja aliyadhania maua ya muhuti kuwa ya kweli, akanasa. Nilimtoa, lakini mguu wake mmoja uko pale hadi leo.

Kawangware, Mama Wanjiru alitoka nje kunilaki. Aliitazama picha, akabonyeza gumba lake juu ya mbingu.

"Mbona haijaiva?" akauliza.

Nilipomwambia nilitumia kile kibuyu chake tu, akasema basi inajua kung'aa, nisiwe na haraka. Alama ya gumba lake niliigeuza mwewe. Ni mwewe mkubwa kupita kiasi.

KAMBI MURU, IJUMAA

Niliingia Kambi Muru watu wakitoka msikitini. Kwa mbali, upande wa barabara, niliona kundi la wageni wamevaa vizuri, na nadhani nilisikia viatu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Efendi Mursal, vumbi mwili mzima, rangi hadi viwikoni, nikaisimamisha picha mbele ya kitanda chake.

Aliitazama kwa muda mrefu.

"Hii si asubuhi ile," akasema.

"Najua, Efendi."

"Ile ilikuwa inawaka. Hii ina ukungu. Na huyu ndege amekula nini?"

Nilijua nimeshindwa.

"Na huu mti. Kwa nini umeuweka hapa mbele ya kilima? Hata mimi nisiyejua kazi yako naona unaharibu."

Basi nikamweleza. Sikupamba kitu, sikuwa na nguvu. Nilimweleza vidole vitatu, maharagwe, Kamau kwenye shina, na wazee waliokataa kugeuka. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo mnamjua vizuri kiasi cha kulishangaa.

"Kwa hiyo asubuhi yangu ulikuwa nayo mkononi," akasema.

"Nilikuwa nayo."

"Ukaiharibu ili urudishe mti wa Mkikuyu usiyemjua."

"Ndiyo, Efendi. Mti ni wake."

Akainama, akaukaribia ule muhuti kwa macho yake mabovu. Wale wageni walikuwa wamefika kwenye ua. Sasa viatu nilivisikia wazi.

"Mimi nimekaa hapa maisha yangu yote," Efendi akasema polepole. "Wamekuja wenye karatasi, wamekuja wenye miguu mitatu. Kila mmoja ametuhamisha, kwanza kwenye karatasi yake. Sijapata kumwona hata mmoja aliyerudisha mti wa mtu mahali pake."

Akageuza uso kuelekea ndani. "Zamzam. Waambie wageni nawaomba radhi, wamechelewa. Na kahawa iletwe hapa." Kisha akanitazama mimi. "Wazee wako waje Ijumaa ijayo."

Nilifungua mdomo nimweleze habari za mwanga, jinsi ulivyokuwa kweli ile Jumatano, maana ndio niliouendea. Zamzam akakohoa nyuma ya pazia. Nikaufunga.